Fulana zina bajeti, mhasibu hana

Aliyewahi kuandika andiko la mradi kwenye asasi ndogo hapa Tanzania anaujua mchezo wa bajeti. Unaipeleka kwa mfadhili, inarudi imekatwakatwa. Kodi ya pango imefutwa. Mshahara wa mhasibu umebaki robo. Mlinzi hayupo kabisa, na hela ya umeme wa LUKU haionekani. Ila fulana, kofia na bango la uzinduzi vimesalimika, maana hivyo vinatokea kwenye picha.

Kwangu mimi asasi zetu huanza kufa hapo, zamani kabla Washington hawajakata chochote.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na siku chache baadaye zikaja barua za kusitisha kazi mara moja. Machi, Waziri wake wa Mambo ya Nje, Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, imefutwa. Julai 1 shirika lenyewe likafungwa. Pigo lilikuwa kubwa, sibishi. Lakini kwa nini asasi iliyofanya kazi miaka mingi ishindwe kulipa hata mshahara wa Februari?

Soma mikataba ya ufadhili. Mara nyingi mradi ukiisha, salio linarudishwa kwa mfadhili, kwa hiyo akiba haijengeki. Mingine ni ya kutumia kwanza na kudai baadaye. Waliotumia mwishoni mwa 2024 walijikuta wanadai serikali ya Marekani, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu ya huko, ambayo Machi 5, 2025, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikataa kuzuia amri ya kulipa karibu dola bilioni 2 za kazi zilizokwishafanyika. Huko walifika wenye mawakili. Asasi ya wilayani, iliyopewa ruzuku na shirika ambalo nalo limepewa na jingine, ilibaki kusubiri simu.

Na kinachoudhi zaidi, Wamarekani walikuwa wameanza kuelewa. Oktoba 2024 walipandisha kiwango cha gharama za uendeshaji, yaani za pango na mhasibu, kwa asasi zisizo na kiwango maalumu walichokubaliana nazo, kutoka asilimia 10 hadi 15. Hazikupita hata siku 120, bomba likafungwa.

Huku nyumbani hakuna anayesubiri mfadhili. PAYE, kodi ya mishahara, inalipwa kila mwezi, mfuko wa pensheni wa NSSF unataka asilimia 20 ya mshahara, kuna mkaguzi wa hesabu, kuna ada na ripoti ya mwaka kwa Msajili wa asasi. Kazi hizo zote ni za yule mhasibu wa robo mshahara.

Halafu kuna risiti. Mama lishe wa kijijini aliyewapikia washiriki wa mafunzo wali na maharage hana mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. Mfadhili anataka risiti ya EFD, la sivyo gharama haitambuliki. Basi chakula kinaagizwa kwenye hoteli ya mjini, kinafika kimepoa, na hela ya kijiji inarudi mjini pamoja na vyombo. Kwenye ripoti tunaandika kwamba tumeinua uchumi wa wanawake.

Wapo wanaosema tuchangishane wenyewe. Kuchangishana tunakujua, muulize yeyote aliye kwenye kundi la WhatsApp la harusi. Ila fungua kundi la kuchangia pango la ofisi uone watu wanavyotoka kundini mmoja mmoja.

Sioni njia isipokuwa asasi kukataa bajeti za namna hii. Tatizo ni kwamba ukikataa peke yako, asasi ya jirani inaupokea mradi huohuo kesho yake, na fulana zake. Mitandao ya asasi ya mikoa ipo, na sehemu kubwa ya muda wake inapita kwenye semina. Ingekaa ikapanga kiwango cha chini cha pango, mhasibu na mlinzi ambacho hakuna mwanachama atakayesaini chini yake, hata mfadhili akinuna.