Profesa, Mgawie Mwanafunzi Swali Lako

Soma orodha ya maeneo ya utafiti ya profesa yeyote wa hisabati. Topolojia, nadharia ya namba, aljebra ya hiki na kile. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayetafuta msimamizi wa mradi anaisoma, anakuna kichwa, halafu anakwenda kwa mwalimu anayesifika kwa kutoa alama nzuri. Simlaumu. Nami nilifanya hivyohivyo.

Mradi wangu ulikuwa rundo la kurasa za kueleza upya mambo yaliyothibitishwa kabla babu yangu hajazaliwa. Msimamizi alisahihisha tahajia, akasaini, nikafaulu. Lakini miezi yote ile sikuwahi kukaa naye mbele ya swali ambalo hata yeye hakuwa na jibu lake. Hilo linaniuma mpaka leo.

Utetezi wa maprofesa naujua: utafiti wangu unahitaji miaka mitatu ya kusoma kabla hujaelewa hata kinachoulizwa. Kwa maswali mengi ni kweli. Kwa yote, hapana.

Chukua miti, ile ya nadharia ya grafu: nukta zilizoungana kwa mistari bila kufanya mzunguko. Nukta zikiwa 5, zipe namba kuanzia 0 hadi 4 bila kurudia, kisha kila mstari uupe tofauti ya namba za ncha zake. Kama nukta zimejipanga katika msururu mmoja, andika 0, 4, 1, 3, 2. Tofauti zinatoka 4, 3, 2, 1, hakuna iliyojirudia. Je, kila mti, uwe na matawi ya namna gani, unakubali kupewa namba hivyo? Swali hili linatokana na kazi ya Alexander Rosa ya 1967, na bado liko wazi. Sitegemei mwanafunzi alimalize. Ila anaweza kuchagua jamii moja ya miti, akahangaika nayo kwa kalamu au kwa programu fupi ya kompyuta, akarudi na kitu ambacho msimamizi wake hakukijua wiki iliyopita. Wapo wanaobeza kazi za aina hii kuwa ni ndogondogo. Sawa, ni ndogo. Na huyo ni mtu wa shahada ya kwanza.

Tena si lazima ziwe ndogo. Huko Kanpur, India, Manindra Agrawal alikuwa akitafuta njia ya haraka na ya uhakika kabisa ya kutambua kama namba ni tasa. Yeye ni mtu wa sayansi ya kompyuta, lakini swali lenyewe ni hisabati tupu. Hakulifungia kabatini. Wanafunzi wawili wa shahada ya kwanza walilishughulikia katika mradi wao wa 2001. Mwaka uliofuata wakalipokea wengine wawili, Neeraj Kayal na Nitin Saxena. Agosti 2002, hao wawili pamoja na mwalimu wao wakatangaza njia iliyokuwa imetafutwa kwa miaka mingi, katika andiko la kurasa 9.

Watu husimulia kisa hicho kwa ajili ya ushindi wake. Mimi kinachonivutia ni kule kupokezana kijiti. Kwingineko mradi ukishasahihishwa unakwenda kulala rafuni, na wanafunzi wa mwaka unaofuata wanaanza upya kana kwamba hakuna aliyepita pale.

Najua kusimamia hivi kunachosha. Kulipasua swali kubwa mpaka kipande chake kienee mikononi mwa mwanafunzi ni kazi ya siku nyingi, na wanaopandisha watu vyeo wanahesabu makala zilizochapishwa, hawahesabu alasiri zilizopotea ubaoni. Basi tuanze na dogo: chini ya ile orodha ya maeneo ya utafiti, profesa aandike swali moja tu ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kulisoma na kulielewa.

Na ningekuwa mwaka wa mwisho leo, ningebisha hodi kwa kila profesa wa idara nikiwa na swali langu moja: wiki hii, mwalimu, umekwama wapi?