Krismasi Nyeupe, Kigoma

Jamani, shangazi yetu wa Dar alikuja Kigoma kula sikukuu, kapanda treni, kashuka stesheni yuko hoi ila kuna begi moja hataki mtu aliguse. Kufika nyumbani Gungu analifungua, nguo nyeupe tupu, za kila mtu, kuanzia babu mpaka kale katoto kanakojifunza kutembea. Eti mwaka huu tunapiga picha ya familia kistaarabu, na Krismasi rangi yake ni nyeupe, hata padre siku hiyo anavaa nyeupe. Bibi akamwangalia tu. Nguo nyeupe, Kigoma, Desemba, mvua zinashuka, na udongo wa huku mnaujua ulivyo mwekundu!

Basi tukavumilia. Misa tukaenda tumepandisha magauni na suruali kama watu wanaovuka mto, tukarudi wasafi, shangazi akaanza kutamba "mmeona sasa?". Hapo ndo mjomba wa Mwandiga akaingia na zawadi yake, dumu la mawese la lita 20, kifuniko kilishapotea zamani, kaziba na gunzi la mahindi na kanailoni juu. Kaliegesha kwenye kabati sebuleni maana jikoni kulikuwa hakupitiki, sufuria la pilau huku, migebuka inakaangwa kule, mama na mawifi zake wanagombania mwiko.

Haya, picha. Mpiga picha shemeji, kasimama mlangoni na simu ya shangazi. "Rudini nyuma kidogo, babu miguu haionekani." Tukarudi. "Kidogo tena." Tukarudi. Nyuma yetu nikasikia po! halafu ile sauti ya dumu linalotapika, kwa kwa kwa kwa. Na hakuna aliyegeuka, kwa sababu shangazi alishasema atakayegeuka tunaanza upya.

Sakafu ya bibi ni ile ya sementi iliyosuguliwa mpaka unaona meno yako. Mawese yakapita chini ya viti taratibuuu. Wa kwanza kwenda ni binamu yangu, akashika gauni la mama, mama akashika shati la baba mdogo, baba mdogo ambaye kilo zake si za utani akashika pazia, pazia likaja na bomba lake. Shangazi bado kasimama, anapiga kelele "msichafuke! msichafuke!", akapiga hatua moja kuja kutuokoa, mguu mmoja ukaenda Ujiji mwingine ukaenda Kibirizi. Aliyebaki mweupe ni babu tu, katulia kwenye kiti chake anatabasamu, si aliambiwa atabasamu.

Bibi akatoka jikoni mbio, tukajua mkombozi kafika. Wapi! Katuruka wote, kalisimamisha dumu, anaita "leteni bakuli, leteni vijiko, mafuta yangu jamani!" Ukitaka kuinuka unaambiwa tulia hapohapo unayakanyaga. Baba mdogo alichotewa kuanzia mgongoni, nimeona kwa macho yangu.

Katikati ya hiyo shughuli katekista akapita kutupa heri ya sikukuu, akasimama mlangoni, akatutazama ukoo mzima tumekaa chini tumeiva. Akasema kwa upole kabisa, "Naona nyie mmemuwahi Mtakatifu Stefano. Shahidi ni kesho, ndo tunavaa nyekundu." Tulicheka mpaka waliokuwa wameshasimama wakaanguka tena. Shangazi hakucheka. Alisugua zile nguo kwa sabuni ya mche, akakamulia ndimu, akaanika, akasugua tena, mawese yakagoma, yakaishia kuwa rangi ya chungwa, na babu ndo akapigwa picha peke yake.

Usiku yakaletwa maharage ya mawese, mekundu, matamu balaa, na pale mezani hakuna aliyethubutu kuuliza haya mafuta yametoka kwenye dumu au kwenye bakuli. Shangazi alikunywa chai na mkate.