Nakshi za Kichina katika Mavazi ya Leo: Kipi Kibadilike, Kipi Kibaki

Mwezi Julai 2022 wanafunzi kadhaa wa Kichina waliandamana mbele ya duka la Dior, kampuni ya mitindo ya Ufaransa, jijini Paris wakipinga sketi ya marinda iliyouzwa kwa dola 3,800. Walidai kwamba ni mamianqun, sketi iliyovaliwa na wanawake wa China tangu enzi ya Ming (1368–1644), ilhali kampuni iliinadi kama mtindo wake yenyewe. Sketi ile nyeusi haikuwa na ua wala wingu lolote la Kichina. Kilichogombewa kilikuwa mshono wake, yaani mapande mawili yanayopishana, bapa mbele na nyuma, marinda ubavuni. Ndiyo maana naona kwamba mjadala wa kuingiza nakshi za jadi katika mavazi ya kisasa unakosea unapoishia kwenye picha.

Wanaotaka nakshi hizo zilindwe wana hoja nzito. Tangu mwaka 1391 watumishi wa dola ya Ming walivaa kifuani kipande cha nakshi kilichotaja cheo, na joka la kucha tano lilikuwa alama ya mfalme. Katika majoho ya enzi ya Qing iliyofuata, mawimbi na miamba vilikaa kwenye pindo, majoka na mawingu juu yake. Aliyezoea kanga, anayejua kuwa pindo si mji, ataelewa upesi kinachopotea mawimbi hayo yanapotawanywa ovyo kwenye shati zima.

Hata hivyo, amri za vyeo zilikufa pamoja na ufalme mwaka 1912, na leo korongo, ndege aliyekuwa alama ya cheo cha juu, akiwekwa kwenye koti hamvunjii mtu heshima. Madai ya asili safi nayo hayana miguu: nakshi ya duara la lulu, iliyopendwa mno katika hariri za enzi ya Tang (618–907), ilitoka Uajemi.

Mzozo mgumu zaidi ni wa ufundi. Hariri ya yunjin ya Nanjing, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa utamaduni ya UNESCO mwaka 2009, hufumwa na watu wawili kwenye kitanda kimoja cha kufumia, mmoja akivuta nyuzi juu na mwenzake akifuma chini, nao hupata sentimita chache tu kwa siku. Ufundi huo hauwezi kuvisha soko. Mamianqun imerudi mitaani kwa sababu viwanda, vikiwemo vya wilaya ya Cao mkoani Shandong, huifuma kwa mashine, na vijana huivaa na shati la kawaida hadi kazini. Wapo wanaoidharau kwa urahisi wake, lakini kwangu imehifadhi mengi kuliko koti ghali lililobandikwa joka mgongoni, kwa kuwa nakshi yake ingali mahali pake kwenye pindo.

Kwa Wamiao, kabila la mkoa wa Guizhou kusini-magharibi mwa China, naegemea upande wa wanaotaka nakshi zilindwe. Wanawake wao huchora kwa nta na kutia nguo rangi ya nili hata leo, kwa hiyo kiwanda kinachochapa nakala ya kazi yao kinashindana na watu walio hai. Mbunifu anayenunua kitambaa chao akikate apendavyo. Anayepiga picha na kuchapa anapaswa kuwalipa. Tatizo ni kwamba sheria za kawaida za hakimiliki hukwama hapo, kwani nakshi iliyorithiwa na kijiji kizima haina mtunzi mmoja wa kwenda mahakamani.