Kabla ya kumeza dozi ya tatu

Mjomba wangu wa Busia, Uganda, ametibiwa kifua kikuu mara mbili. Mara ya kwanza kilikuwepo kweli: makohozi yalikionyesha, akameza dawa miezi sita, akapona. Miaka mitatu baadaye kikohozi kilirudi. Eksirei ikaonyesha tundu kwenye pafu la kulia, na hospitali moja ikamwandikia dozi ya pili bila makohozi yake kuoteshwa maabara, yaani vijidudu vikuzwe mpaka vitambulike. Akaimaliza. Kikohozi hakikuisha. Sasa ukoo umegawanyika: mama mdogo anataka ng'ombe auzwe mgonjwa apelekwe Kampala kwa bingwa, wengine wanasema apewe tu dawa kali zaidi hapa hapa, na mwenyewe anasema amechoka kumeza.

Mimi naona wote wameruka swali la kwanza, yaani anaugua nini. Mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu anaweza kubaki na tundu pafuni, na fangasi aina ya Aspergillus hupenda kuhamia humo. Utafiti uliofanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda, na kuchapishwa 2019 uliwakuta na ugonjwa wa kudumu wa fangasi huyo takriban asilimia 5 ya watu waliokwisha kutibiwa kifua kikuu. Wako pia bakteria wa udongoni na majini, ndugu wa kifua kikuu, ambao kwenye hadubini hawatofautiani nacho. Mashine ya GeneXpert, inayosaka vinasaba vya kifua kikuu kwenye makohozi, haiwatambui hao ndugu, na kwa mtu aliyetibiwa zamani inaweza kuokota masalia ya vijidudu vilivyokufa. Kwa hiyo jibu la "ndiyo" na la "hapana" yote yanaweza kumpoteza daktari aliye peke yake wilayani. Simlaumu sana.

Tuseme imethibitika ni hao bakteria wa majini. Wanaotaka tiba ianze mara moja wana hoja nzito: palipo na tundu, damu kwenye makohozi au uzito unaopungua, pafu linaendelea kuliwa, na pafu lililokwisha kuliwa halioti tena. Mwongozo wa 2020 wa vyama vya madaktari vya Marekani na Ulaya unaelekea huko kwa wagonjwa wa namna hiyo. Lakini bei yake, hata ukiacha fedha, ni kubwa. Kwa kundi la bakteria hao lililo la kawaida zaidi, mgonjwa humeza azithromaisini, rifampisini na ethambutoli mpaka mwaka mzima upite tangu makohozi yawe safi. Mwenye tundu huongezewa sindano za amikasini miezi ya mwanzo. Ethambutoli inaweza kuharibu macho, amikasini masikio. Rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya dolutegravir, ambayo ndiyo nguzo ya tiba ya VVU nchini kwetu. Na baada ya yote hayo, wapo ambao makohozi hayasafiki, au husafika kisha ugonjwa ukarudi.

Ndiyo maana upande wa pili husema: kwa mwenye dalili ndogo, asiye na tundu, ngoja huku ukiangalia. Mwongozo huohuo unadai dalili, picha ya kifua, na kijidudu kilekile kiote katika makohozi ya siku mbili tofauti, kwa sababu bakteria wa majini huweza kupita tu kwenye sampuli bila kuwa wamemdhuru mtu.

Hoja hii ni nzuri, ila imezaliwa mahali ambapo kuangalia ni jambo jepesi. Mgonjwa wa London akiambiwa arudi baada ya miezi mitatu, anarudi. Wa Busia akiambiwa hivyo anahesabu nauli, msimu wa kupalilia, na nani atabaki na watoto. Kungoja bila kuangalia si tiba. Lakini kasoro hiyo inakata pande zote mbili, maana asiyeweza kurudi kuangaliwa hawezi pia kupimwa macho na masikio akiwa kwenye dawa hizo.

Kuna njia ya tatu inayojulikana sana mitaani, nayo ndiyo inanikera: kununua azithromaisini peke yake dukani kila kifua kinapobana. Dawa hiyo ndiyo uti wa mgongo wa tiba nzima. Ukiitumia peke yake, bakteria huizoea, na siku bingwa akipatikana hukuta silaha yake kuu imeshakuwa butu. Na kama ni fangasi, haigusi kitu. Fangasi hutibiwa kwa itrakonazoli, kwa kawaida miezi sita au zaidi, na rifampisini huiondoa itrakonazoli mwilini haraka. Kumpa mtu dawa zote mbili kwa kubahatisha ni kumwaga maji kwenye pakacha.

Kuhusu bingwa, kweli wengi wako Kampala, katika hospitali ya Mulago na taasisi ya mapafu ya Chuo Kikuu cha Makerere. Ila bingwa asiye na majibu ya maabara naye atabahatisha, kwa ustadi zaidi tu. Mimi ningetanguliza makohozi. Uganda ina mtandao wa pikipiki unaobeba sampuli kutoka vituo vya afya hadi maabara kubwa, na kule Butabika kuna maabara ya rufaa ya kifua kikuu inayohudumia hata nchi jirani. Daktari wa wilaya aombe kwa maandishi makohozi yaoteshwe na aina ya kijidudu itajwe, na aulize wapi kipimo cha damu cha fangasi kinapatikana. Kuotesha huchukua wiki kadhaa, hadi sita. Mjomba hakohoi damu wala hakondi, kwa hiyo wiki hizo anazo. Angekuwa anakohoa damu, ningemuunga mkono mama mdogo leo hii.

Chupa ya kwanza ya makohozi imeondoka Jumanne, ya pili tunaipeleka wiki hii. Ng'ombe bado yuko zizini.