Minara ya Sillustani: makaburi au hati ya ardhi?

Mlango wa mnara wa maiti pale Sillustani, karibu na Puno nchini Peru, ni mdogo mno. Mtu mzima haingii ila kwa kutambaa. Umeelekea mashariki, jua linakochomoza. Humo Wakolla, wenyeji wa huko kabla ya Inka, waliweka maiti waliokunjwa magoti hadi kifuani na kuviringishiwa nguo, wa jana kando ya wa zamani. Minara hii huitwa chullpa, na mrefu kuliko yote pale unafika mita 12 hivi.

Kama ni makaburi, ubishi wa nini? Ubishi uko kwenye mahali. Chullpa nyingi za nyanda za Ziwa Titicaca zimesimama vilimani, zinaonekana toka mbali, na zilienea baada ya dola ya Tiwanaku kuanguka, watu walipokuwa wakijenga ngome na kuviziana. Ndiyo maana baadhi ya wanaakiolojia huzisoma kama hati ya ardhi: babu yangu kalala hapa, wewe llama wako wanalisha kwa ruhusa ya nani?

Hoja hiyo inanivutia, ila Sillustani yenyewe inaitia doa. Pale minara imesongamana kwenye rasi moja ya Ziwa Umayo, na alama za mpaka hazirundikwi pamoja. Tena ile iliyojengwa kwa ustadi zaidi, mawe yamechongwa yakakutana barabara, ni ya zama za Inka, karne ya 15, wakati mwenye kauli ya mwisho juu ya ardhi alikuwa Cusco, mji mkuu wa dola ya Inka. Hapo naona wakubwa wa Kikolla wakishindania cheo, si malisho.

Hata hivyo sithubutu kuitupa hoja ya ardhi. Huko Andes marehemu hakuwa ameondoka. Wafalme wa Inka waliokaushwa walitolewa nje siku za sherehe, wakawekewa chakula na pombe ya mahindi, na mashamba yao yakabaki yao, yakitunzwa na wazao wao. Wahispania walilielewa hilo vizuri: mwaka 1559 afisa wao Polo de Ondegardo aliwasaka maiti hao na kuwanyang'anya wazao wao.

Waaymara, wakazi wa nyanda hizo hadi leo, nao wana simulizi yao. Kwao, Chullpa ni jina la watu wa kale walioishi kwa mwanga wa mbalamwezi. Waliposikia jua linakuja, wakadhani litatokea magharibi, wakaelekeza milango mashariki. Likawachoma. Kwa simulizi hiyo waliolala mle si babu wa mtu, isipokuwa kwa Wachipaya wa Bolivia, wanaosema wao ni uzao wa wale waliojificha majini.