Mbio za hisani: kiingilio kinafika wapi?

Tuchukue mfano wa mbio za hisani katika mji wa mkoa. Wamejiandikisha watu 1,000, kila mmoja kalipa Sh 35,000, kwa hiyo zimepatikana Sh milioni 35 za kununua vitanda vya wodi ya wazazi. Sasa toa fulana Sh 12,000, medali Sh 5,000, namba yenye chipu ya kupima muda Sh 4,000, maji na matunda Sh 3,000. Kila mkimbiaji amegharimu Sh 24,000. Zimebaki milioni 11. Zawadi za washindi milioni 6, jukwaa na muziki milioni 3, gari la wagonjwa, vibali na waongoza njia milioni 1.5. Wodi inapata Sh 500,000.

Ndiyo maana wapo wanaosema heri kutuma pesa moja kwa moja hospitalini. Kihesabu wako sahihi. Lakini wengi wa wale 1,000 wasingetuma chochote. Wamelipa kwa sababu klabu yao ya jogging inakwenda na kila mtu anataka ile fulana. Mji nao unanufaika. Moshi, ambako Kilimanjaro Marathon inakimbiwa tangu 2003, inafahamu vizuri wageni wanavyojaza nyumba za kulala wikiendi ya mbio.

Kwa maoni yetu kasoro kubwa iko kwenye mpangilio wa fedha. Gharama zote zinapaswa kuwa zimeshalipiwa na wadhamini kabla usajili haujafunguliwa, na viingilio viingie akaunti ya peke yake isiyoguswa kwa fulana wala spika. Wadhamini wakiwa hawatoshi, punguza gharama za mbio: ondoa chipu kwenye kilomita 5, ambako hakuna anayeshindania muda, na ondoa zawadi za fedha. Mater Heart Run ya Kenya, iliyoanza 1993 kusaidia matibabu ya moyo kwa watoto, imeuza fulana kama tiketi, na watu wamejitokeza.

Kingine kinachopotosha ni ile hundi kubwa ya kadibodi. Jumla inayosomwa jukwaani mara nyingi huchanganya fedha taslimu, ahadi, na thamani ya katoni za maji zilizotolewa na mdhamini. Katoni zimeshanywewa, na ahadi nyingine hazilipwi. Zitajwe kila moja kivyake.

Barabarani, kinachoharibika mapema ni maji. Wa kilomita 5 wakianza pamoja na wa 21, hufika meza ya kwanza kwa wingi, kila mmoja anabeba chupa mbili, na wa 21 walio nyuma wanakuta meza tupu jua likiwa limeshapanda. Wa 21 waanze saa 12:00 asubuhi, wa 5 saa 12:45. Meza ziwe kila baada ya kilomita 5 hivi, na maji yatolewe kwa vikombe vilivyojazwa nusu. Chupa ya nusu lita hunywewa mafunda mawili ikatupwa mtaroni, na gharama ya usafi inabaki kwa halmashauri.

Fulana nazo ziagizwe baada ya kupata idadi ya saizi. Kamati ikikisia, hubaki na marundo ya saizi ndogo stoo, na kila moja ni Sh 12,000 ambazo wodi haitaziona. Ndani ya siku 30 mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa hospitali, pamoja na hati ya kupokelea vitanda iliyosainiwa na muuguzi mkuu.