Msimpokonye mama mbuzi ya nazi

Mamangu alipotimiza miaka 74 tulimpokonya mbuzi yake ya kukunia nazi. Nasema tulimpokonya kwa sababu yeye hakuomba. Wifi yangu akaanza kununua tui la pakiti, nami nikamwambia, "Mama, umetumika vya kutosha, sasa kaa kitako upumzike." Kwetu Kibokoni, Mombasa, hiyo ndiyo adabu: mtu mzima akitaka kunyanyuka, watu watatu wanamkimbilia kumrudisha kitini. Tukaona tumemtunza.

Mwaka haukuisha akawa hawezi kufungua kifuniko cha chupa ya mafuta. Ngazi za nyumba yetu, nyembamba na za wima kama zilivyo nyingi Mji wa Kale, akazipanda kwa kujivuta ukutani. Swali moja akaliuliza mara tatu kabla ya adhuhuri. Tulipompeleka hospitali, aliyetupokea hakumshika hata mkono. "Huo ni uzee tu," akasema, tukarudi na dawa za maumivu. Neno hilo "tu" bado linaniuma.

Aliyetufumbua macho ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alimpa mama kifaa cha kubana kwa kiganja: kilo 13. Kwa wanawake, wataalamu wa Ulaya huhesabu chini ya kilo 16 kuwa dalili ya misuli kudhoofika. Kisha akamwambia akae na kusimama mara tano bila kushika kitu. Sekunde 15 zikipita, ni ishara mbaya. Mama alitumia 22. Masikio nayo yalikuwa yamezibwa na nta. Kumbe mara nyingine alirudia swali kwa kuwa hakusikia jibu.

Usiku ule niliiwaza mbuzi. Inakaa chini kabisa, ukiikalia magoti yanapanda kifuani, na kunyanyuka kwake ni kwa nguvu za mapaja. Kizio cha nazi unakibana kwa viganja viwili unakizungusha kwenye meno ya chuma hadi kifuu kibaki kitupu, halafu unakamua tui, zito kwanza, jepesi baadaye, huku unakumbuka kipi kinaingia chunguni lini. Kila alichopimwa mama siku ile, alikuwa akikifanya mwenyewe jikoni kwa zaidi ya miaka 50. Sisi ndio tuliomkatiza.

Mwili wa mzee hausubiri. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza wazee wenye afya kitandani kwa siku 10 tu, na miguu yao ikapoteza karibu kilo moja ya misuli. Utafiti mkubwa wa nchi 17 uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kila kilo 5 zinazopungua kwenye nguvu ya kiganja huenda pamoja na hatari ya kufa iliyo juu kwa asilimia 16. Kiganja hakiui mtu, lakini kinatoa habari za mwili mzima. Na mwendo ukizidi kuwa wa polepole huku mtu analalamika kusahau, hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni (dimenshia) nayo hupanda.

Siku hizi watu wanazungumzia vipimo vya damu vya umri wa mwili. Elizabeth Blackburn na wenzake wawili walipata Nobel mwaka 2009 kwa kazi yao juu ya telomea, zile ncha za kromosomu zinazofupika seli inapogawanyika. Mwaka 2013 Steve Horvath alitengeneza saa inayokisia umri kwa kusoma alama za kikemia kwenye DNA. Ni elimu kubwa, naiheshimu. Ila kwa familia ya Majengo au Likoni yenye mzee ndani, saa hiyo haitawaambia kesho asubuhi wafanye nini. Kiti na kiganja vitawaambia. Wapimeni wazee presha, sukari, macho na masikio, na waacheni wafanye kazi wanayoiweza.

Mama alianza na kusimama kitini, mara tano asubuhi na tano alasiri, mimi nikiwa kando. Baada ya miezi minne aliitaka mbuzi yake. Nilitamani kumkataza, nikajizuia. Jumapili iliyopita alikuna kizio kimoja chote, akanyanyuka kwa kushika bega langu, akanipa kizio cha pili. Mimi nikakaa, yeye akasimama juu yangu akiangalia nisikwangue hadi kwenye kifuu.